Kusomesha Daktari na Kumpata Daktari

Kila mara suala la upungufu wa madaktari nchini linapozungumzwa, jibu linalotolewa haraka ni moja: Serikali isomeshe vijana wengi zaidi kwa fedha za umma. Jibu hili lina ukweli ndani yake. Kada yeyote wa Chama hulipokea kwa moyo mkunjufu, kwa sababu linatokana na msingi wa siku nyingi wa siasa yetu, yaani kwamba elimu ya juu ni dhamana ya taifa wala si bidhaa ya kuuziwa wenye fedha. Lakini hoja yenye ukweli ndani yake bado inaweza kuwa nusu ya hoja. Kazi ya uhakiki ni kuitafuta ile nusu iliyosahauliwa.

Madhumuni ya makala hii ni kuihakiki siasa ya kusomesha madaktari kwa fedha za umma, tangu uhuru hadi sasa, kwa kutumia swali moja tu: je, daktari aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima humfikia mkulima huyo? Ili swali hili lisielee hewani, tumelichagulia mahali pa kulipimia. Mahali penyewe ni Masuguru, katika eneo la Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga.

Kwa nini Masuguru? Kwa sababu mipango ya taifa hupendeza inaposomwa Dodoma au Dar es Salaam, na hujaribiwa inapofika kwa mlima mahindi wa Uzigua. Mgonjwa wa huko huanza safari yake kwenye zahanati, na zahanati kwa utaratibu wetu huongozwa na tabibu, si daktari. Ugonjwa ukizidi nguvu za zahanati hupelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya: ya Handeni, au ya Magunga mjini Korogwe. Na ukizidi hapo, hupelekwa Bombo, Tanga mjini. Kwa hiyo hatudai kwamba kila kijiji kipewe daktari wake. Tunadai jambo jingine: mama mwenye uchungu uliokwama, akitoka Masuguru usiku na kufika mahali ambapo Serikali imejenga chumba cha upasuaji, amkute mtu wa kumpasua. Chumba cha upasuaji kisicho na mpasuaji ni ghala lenye kitanda.

Urithi tulioupokea

Hatuwezi kuelewa hali ya leo bila kukumbuka tulikoanzia. Waingereza walitawala Tanganyika kwa zaidi ya miaka 40. Walipoondoka mwaka 1961, Watanganyika waliokuwa madaktari walikuwa 12. Idadi hiyo haikutokana na ujinga wa wananchi, bali na mpango. Ukoloni ulimweka daktari mahali palipokuwa na mtawala, mji na mali. Katika bonde la Pangani na kandokando ya reli ya Tanga, mali hiyo ilikuwa mkonge. Manamba alitibiwa ili arudi kukata mkonge; mkulima wa kijijini, ambaye hakuwa akimzalishia bepari moja kwa moja, aliachiwa wamisionari na waganga wa jadi. Aliyetaka kusomea udaktari ilimbidi aende Makerere, Uganda, na waliopata bahati hiyo walihesabika kwa vidole.

Taifa changa lilichukua hatua mbili mwaka 1963. Hatua ya kwanza ilikuwa kufungua shule ya udaktari Dar es Salaam, ambayo mwaka 1968 iligeuka kuwa kitivo cha chuo kikuu, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hatua ya pili, isiyotajwa sana, ilikuwa kuanza kuwaendeleza waganga wenye uzoefu kuwa madaktari wasaidizi, wenye uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura. Hatua hii ya pili ilikuwa ya kimapinduzi kwa maana halisi ya neno. Ilikataa kasumba kwamba tiba si tiba mpaka itolewe na mwenye shahada. Kwa miaka mingi, mama wengi wa wilayani waliopasuliwa wakaokolewa, walipasuliwa na madaktari wasaidizi.

Katika kipindi hicho fedha za umma zilimlipia mwanafunzi wa chuo kikuu kila kitu, na kwa malipo hayo taifa lilimdai kazi. Deni hilo halikupokewa kwa utulivu na wote. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Fundisho la tukio lile halikuwa juu ya jeshi tu. Lilikuwa swali ambalo bado tunalo mkononi: msomi aliyesomeshwa na wasiosoma ana wajibu gani kwao, na nani anaupanga wajibu huo?

Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, yalitoa jibu la msingi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likajaribu kulitia jibu hilo katika utaratibu: kijana afanye kazi kwanza, apate kibali cha wenzake wa kazini na cha Chama, ndipo aende chuo kikuu. Baadaye masharti hayo yalilegezwa, kwa sababu yalichelewesha wanafunzi na kupunguza idadi yao katika masomo ya sayansi. Hata hivyo Azimio la Musoma liliona jambo ambalo watunga mipango wa leo hawalioni vizuri, kwamba kumchagua mwanafunzi ni uamuzi wa siasa, na kwamba alama za mtihani hazisemi mtu atamtumikia nani.

Wakati huo huo matumizi ya afya yalielekezwa vijijini. Vituo vya afya vijijini, vilivyokuwa 22 wakati wa uhuru, vilizidi 200 kufikia mwaka 1980. Sheria ya mwaka 1977 ikazuia tiba ya binafsi ya kutafuta faida. Tukikipima kipindi hicho kwa kipimo cha Masuguru, tunaona mafanikio makubwa ya zahanati na waganga wa vijijini, na mafanikio madogo ya madaktari. Daktari alikuwa mali ya umma, lakini alibaki hospitali kubwa, kwa sababu vifaa, nyumba na nafasi za kujiendeleza vilibaki huko. Wajibu uliandikwa; mazingira ya kuutimiza hayakujengwa.

Kutoka wajibu hadi deni la fedha

Miaka ya 1990 ilileta mageuzi ambayo wengi huyasimulia kama mabadiliko ya uchumi tu. Mwaka 1991 tiba ya binafsi iliruhusiwa tena. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za Serikali. Chini ya shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa ajira za Serikali zilibanwa, na ahadi ya zamani kwamba kila mhitimu atapangiwa kazi ikafa bila matanga. Matokeo yalionekana. Mwaka 2002 nchi nzima ilikuwa na madaktari 822 kwa hesabu iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu milioni 34.4. Maana yake ni daktari mmoja kwa watu wapatao 42,000. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya madaktari hao walikuwa Dar es Salaam, mkulima wa Handeni alikuwa na mgawo mdogo kuliko hata hesabu hiyo inavyoonyesha.

Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Hatuibezi Bodi hiyo. Imefungua mlango wa chuo kikuu kwa maelfu ya watoto wa wakulima na wafanyakazi ambao bila mkopo wangebaki nje. Lakini uhakiki hauna budi kuonyesha ni nini kilibadilika katika uhusiano wa msomi na taifa. Zamani taifa lilimdai msomi kazi. Sasa linamdai fedha. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato kuwa asilimia 15 ya mshahara. Tozo ya kutunza thamani ya mkopo, iliyolalamikiwa sana, ilifutwa mwaka 2021. Mjadala wote wa miaka hiyo ulikuwa juu ya asilimia. Hakuna aliyeuliza: daktari akimaliza kulipa, Masuguru imelipwa nini?

Tofauti hii si ya maneno. Daktari anayedaiwa fedha hutafuta mahali penye fedha, na mahali hapo ni mjini, hospitali binafsi, au nje ya nchi. Mfumo wenyewe unamsukuma huko, kisha sisi tunamlaumu kwa kukosa uzalendo. Daktari anayedaiwa miaka ya kazi hupunguza deni lake kila mwezi anaoamka Handeni. Wote wawili wamesomeshwa na mkulima yule yule, lakini mmoja anamlipa mkulima na mwingine anailipa Bodi.

Mkanganyiko wa mwaka 2017

Mwenye shaka kwamba kusomesha peke yake hakutoshi, na atazame matukio ya mwaka 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mwezi huo wa Machi ujumbe wa Serikali ya Kenya ulikuja kuomba madaktari 500, na Rais John Magufuli akakubali. Hapo taifa likafahamu rasmi jambo ambalo wahitimu walikuwa wakilisema siku nyingi mitaani: nchi hii yenye upungufu mkubwa wa madaktari ilikuwa na mamia ya madaktari waliosomeshwa, wakahitimu, wakamaliza mwaka wa utarajali, na wasiwe na kazi. Mahakama ya Kenya ikasimamisha mpango huo. Mwezi Aprili Rais akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe hapa nyumbani mara moja.

Agizo lile lilikuwa sahihi na liliwafurahisha wananchi. Lakini mtu anayefikiri kinadharia hawezi kuishia kwenye furaha. Kama madaktari 258 waliweza kuajiriwa kwa agizo la siku moja, basi upungufu wa hospitali za wilaya haukuwa wa madaktari tu. Ulikuwa upungufu wa nafasi za kazi zilizotengewa fedha. Ikama iliwahitaji, wananchi waliwahitaji, vibali vya ajira na bajeti ya mishahara havikuwa na nafasi yao. Na kama jambo hilo lilihitaji mgomo wa nchi jirani ili lionekane, basi kasoro haikuwa ya mtu mmoja au ofisi moja. Ilikuwa kasoro ya mpango.

Kasoro yenyewe tunaiona hivi. Daktari husoma miaka mitano chuoni, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Jumla ni miaka sita. Bajeti ya mishahara hupangwa mwaka mmoja mmoja. Wizara moja inadahili na kukopesha. Nyingine inasimamia tiba. Ofisi nyingine inatoa vibali vya ajira. Hazina inatoa fedha. Halmashauri inampokea mtu kama akija. Kijana anaingia chuoni bila mtu yeyote katika Serikali kuwa na wajibu wa kujua atafanya kazi wapi miaka sita baadaye. Kwa lugha ya kilimo, tunapanda mbegu kwa fedha nyingi, tunaitunza miaka sita, na siku ya mavuno ndipo tunaanza kutafuta ghala.

Hii ndiyo hitilafu kuu ya siasa tunayoihakiki. Inahesabu wanaoingia chuoni na wanaotoka chuoni. Haihesabu wanaofika.

Nani anachaguliwa

Mwaka wa masomo 2022/23 Serikali ilianzisha Ufadhili wa Samia kwa vijana wenye ufaulu wa juu kabisa wa kidato cha sita katika sayansi, ili wasome sayansi, uhandisi na tiba katika vyuo vya hapa nchini. Mpango huu umerudisha kitu kilichopotea, yaani fedha ya umma inayotolewa kama ufadhili na si kama deni. Ni hatua ya kupongezwa, na kwa nchi inayohitaji wataalamu bingwa ina mahali pake. Lakini tusiutwike mzigo usio wake. Ufadhili unaotolewa kwa alama za juu peke yake hujenga ubingwa. Hauwezi kuwa pia dawa ya upungufu wa madaktari wilayani.

Sababu yake iko wazi. Anayechaguliwa kwa alama peke yake amechaguliwa na shule aliyosoma. Tangu mwaka 2004 taifa limejenga sekondari za kata kwa nguvu za wananchi. Kisha ikaja kampeni ya maabara. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa, na mwaka 2022 ya kidato cha tano na sita. Haya ni mapinduzi yasiyopaswa kudharauliwa. Hata hivyo mtoto wa Handeni aliyesoma fizikia kwa mwalimu mmoja wa masomo mawili, akapata alama zinazomstahilisha kusomea udaktari, hatamshinda kwenye orodha ya kitaifa mtoto aliyelelewa katika shule ya ada kubwa. Akipimwa kwa umbali aliotembea, huenda yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Na ndiye anayejua Kizigua cha bibi anayekuja kueleza maumivu yake.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 juu ya kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, lilishauri nchi zidahili wanafunzi wenye asili ya vijijini, ziwafundishie huko sehemu ya masomo yao, na zitoe ufadhili wenye sharti la kutumikia. Mambo haya matatu yameshauriwa pamoja kwa sababu yanafanya kazi pamoja. Sisi mara nyingi tumechukua fedha tukaacha mengine.

Wengine walifanya nini

Tuangalie nchi mbili zenye siasa zinazopingana, ili isidhaniwe kwamba tunahubiri mfumo mmoja.

Japani ni nchi ya kibepari. Mwaka 1972 mikoa yake yote ilishirikiana kuanzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi kwa ajili ya sehemu zisizokuwa na madaktari. Kila mkoa huchagua wanafunzi wake wawili au watatu kila mwaka. Gharama zao hukopeshwa, na mkopo hufutwa mhitimu akiutumikia mkoa wake kwa kawaida miaka 9, ikiwa ni pamoja na kazi katika visiwa na vijiji vya milimani. Hapa mwanafunzi hapewi ufadhili wa taifa kwa jumla. Anapewa ufadhili wa mkoa wake, na mkoa wake unamjua kwa jina tangu siku ya kwanza.

Kuba ni nchi ya kijamaa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959, karibu nusu ya madaktari wake wapatao 6,000 walihama. Mwaka 1960 Serikali ya mapinduzi ilianzisha huduma ya tiba vijijini ikiwapeleka wahitimu huko, na mwaka 1984 ikaanza utaratibu wa daktari wa familia anayeishi mtaa ule ule na watu anaowatibu. Nchi ndogo iliyowekewa vikwazo na Marekani ilifika mahali pa kuwapeleka madaktari wake nje, pamoja na Zanzibar na, mwaka 2018, Kenya. Siri haikuwa utajiri. Ilikuwa kwamba anayesomesha, anayeajiri na anayempangia kituo ni mpangaji mmoja.

Japani na Kuba hazikubaliani juu ya nani amiliki viwanda. Lakini zimekubaliana juu ya jambo moja: ufadhili usio na mahali si ufadhili wa afya. Ni ufadhili wa mtu.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba kumfunga daktari kwa mkataba ni kumnyima uhuru. Hoja hii isidharauliwe, lakini ijibiwe. Kijana anayetia sahihi mkataba kwa hiari, akijua miaka na mahali, hajanyimwa uhuru. Ametumia uhuru wake. Anayeweza kujilipia ada hakatazwi kujilipia. Lakini uhuru wa mkulima uko wapi, ikiwa mchango wake katika kodi ya sukari, mafuta ya taa na nauli unamsomesha mtu asiyemwona maisha yake yote?

Wapo pia watakaosema mikataba huvunjwa, na kwamba wenye uwezo hulipa fidia wakaondoka. Hili ni kweli pale ambapo mkataba umeandikwa kwa fedha. Mkataba unaoruhusu kununuliwa umeandikwa kwa ajili ya mwenye kununua. Deni la kazi lilipwe kwa kazi. Fidia ya fedha iwe ya walioshindwa kwa ugonjwa au sababu nzito, si mlango wa kutokea kwa wenye nacho.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo hutoka kwa madaktari wenyewe. Wanasema: mnatudai wajibu, lakini tukifika wilayani hatukuti nyumba, dawa, damu, umeme wa uhakika wala mwenzetu wa kushauriana naye, posho zinachelewa, na ukikubali kwenda mbali umesahauliwa, nafasi ya kusomea ubingwa inakwenda kwa aliyebaki mjini. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, pamoja na madhara yake kwa wagonjwa ambayo hakuna mpenda watu anayeweza kuyatetea, ulibeba malalamiko ya mazingira ya kazi ambayo kuyapuuza ni kujidanganya. Kipindi cha baada ya Azimio la Arusha kilitufundisha kwamba wajibu usiojengewa mazingira hufa. Mkataba wa upande mmoja ni amri yenye sahihi.

Pendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunatoa pendekezo moja lenye sehemu nne. Ufadhili wa kusomea udaktari, au angalau fungu lake maalumu, utolewe kwa jina la wilaya.

Kwanza, siku mwanafunzi anapopewa ufadhili wa Handeni au wa Korogwe, nafasi yake katika ikama ya wilaya hiyo ifunguliwe siku hiyo hiyo, na mshahara wake uingizwe katika mpango wa fedha wa mwaka atakaomaliza utarajali. Anayeanza chuo mwaka huu atahitimu miaka mitano ijayo na kuwa tayari kwa kazi mwaka wa sita. Hakuna mshangao hapo. Ni kuhesabu tu. Serikali inayoweza kupanga reli ya miaka kumi inaweza kupanga daktari wa miaka sita.

Pili, wachaguliwe kutoka miongoni mwa vijana waliosoma sekondari za wilaya na kutimiza sifa za chuo. Hatusemi sifa zishushwe. Mgonjwa wa kijijini hastahili daktari dhaifu. Tunasema kati ya waliotimiza sifa, fungu la wilaya lishindaniwe na watoto wa wilaya.

Tatu, sehemu ya mafunzo ya vitendo ifanyike katika hospitali za wilaya. Wilaya hizi si mahali pa kujifunzia umaskini tu. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 vya Afrika vilivyoshiriki majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Watoto wa Korogwe waliuchangia ulimwengu maarifa. Mwanafunzi wa udaktari anayedhani elimu iko mjini tu hajui historia ya nchi yake.

Nne, wilaya nayo itie sahihi. Iahidi nyumba, vifaa vya kazi, malipo kwa wakati, na kwamba kila anayetimiza miaka yake anapata kipaumbele katika nafasi za ubingwa. Deni lipungue mwaka kwa mwaka wa kazi. Wilaya ikivunja ahadi, daktari awe na mahali pa kushitaki na kusikilizwa.

Sambamba na hayo, tabibu na daktari msaidizi wasitazamwe kama aibu ya taifa maskini. Hao ndio walioshika nguzo wakati madaktari hawapo. Tabibu hodari wa zahanati ya kijijini awe na njia iliyo wazi ya kusomeshwa na wilaya yake mpaka udaktari. Mtu wa namna hiyo ameshajibu swali la kama atabaki kijijini: yupo tayari.

Kazi ya kada

Mwaka 2007 taifa lilijiwekea Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Majengo yameongezeka, na hesabu za kitaifa za vifo vya akina mama zimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Mafanikio hayo yanatupa sababu ya kudai zaidi. Lakini jengo halitibu, na kadi ya bima mbele ya dirisha lisilo na mganga ni karatasi.

Kada wa Chama na mwanafunzi anayesoma makala hii ana kazi ya kufanya, nayo haihitaji kusubiri waraka. Katika vikao vya Halmashauri Kuu ya Wilaya, katika Baraza la Madiwani, katika taarifa za utekelezaji wa Ilani, huwa tunasomewa idadi ya majengo yaliyokamilika na mamilioni yaliyotumika. Tuombe taarifa ya aina nyingine. Ni vijana wangapi wa wilaya hii wanasomea udaktari sasa? Watamaliza mwaka gani? Nafasi zao zimo katika ikama? Nyumba zao ziko wapi? Wilaya isiyoweza kujibu maswali hayo manne haina mpango wa madaktari, hata kama taifa linasomesha maelfu.

Na mwanafunzi wa udaktari, anayelipiwa na umma leo, ajue kwamba hatumdai shukrani, kwa sababu shukrani haimzalishi mama. Tunaitaka nchi imwandalie mahali, nasi tunamtaka aende mahali hapo. Siku daktari aliyesomeshwa kwa jina la Handeni atakapoitwa usiku kumpokea mgonjwa kutoka Masuguru, naye akawepo, hapo ndipo tutakaposema kwamba fedha ya mkulima imerudi kwa mwenyewe.